Mzee Aliyehama Safu ya Mbele



Katika misikiti yetu ya mitaani hakukosekani mzee ambaye kwa miaka mingi alijulikana kwa nafasi yake katika safu ya kwanza, nyuma kidogo ya imamu, kisha ikafika siku akaonekana amehamia safu ya mwisho, karibu na mlango. Hotuba ya Ijumaa haijafika katikati, ameshainuka kwenda msalani. Kanzu yake nyeupe ameiacha, siku hizi huja na kanzu ya rangi ya kahawia au kikoi cheusi. Baada ya miezi haonekani ila siku ya Ijumaa, na mwishowe hata Ijumaa hupita bila yeye. Vijana msikitini husema mzee amelegea. Watoto wake husema ni umri. Mkewe, aliye karibu naye kuliko wote, anajua kwamba huamka mara nne au tano kila usiku, kwamba hukaa msalani muda mrefu huku kopo la maji likisikika likimiminwa tena na tena, na kwamba shuka hufuliwa kabla ya alfajiri ili wajukuu wasione. Naye amenyamaza, kwa kuwa mzee hakusema neno.

Tumeliweka jambo hili katika ukurasa wa familia kwa makusudi. Maradhi ya tezi dume hutibiwa hospitali, lakini mwenye kuyaugua huuguzwa nyumbani, na kinachomchelewesha kufika hospitali mara nyingi si ukosefu wa dawa wala umbali wa njia. Ni haya. Na haya hiyohiyo ndiyo inayomwondoa msikitini, kwa kuwa amejihukumu mwenyewe kwamba twahara yake imeharibika na hana tena swala ya kuswali na wenzake. Hukumu hiyo amejitolea peke yake, bila kuuliza.

Tezi dume ni kiungo kidogo, ukubwa wake mfano wa ndimu ndogo, kilicho chini ya kibofu, nacho kimeizunguka njia ya mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Mwanamume akishavuka miaka 40, tezi hii huanza kukua polepole. Wanaume wanaofika miaka 60, karibu nusu yao tezi zao zimekwisha kukua, na wanaofika 80 ni wachache wanaosalimika. Kwa kuwa imeizunguka njia, inapokua huibana. Mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa uchache na bila nguvu, hukatika ukaanza tena, na mtu husimama akihisi bado kuna kilichobaki ndani. Kisha hudondoka matone baada ya kwisha kujisafisha, na hapo ndipo kopo la pili na la tatu linapoanzia.

Ukuaji huo wa kawaida si saratani, wala haugeuki kuwa saratani. Hata hivyo saratani ya tezi dume ipo, nayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume hapa Tanzania. Katika hatua zake za mwanzo huenda isiwe na dalili yoyote, na ikiwa nazo hufanana na hizohizo tulizozitaja. Hakuna mtu, awe daktari au awe tabibu wa mitishamba, awezaye kuzitenganisha kwa kumtazama mgonjwa usoni. Ni vipimo tu. Kwa sababu hiyo mwanamume aliyefika miaka 50 yampasa azungumze na daktari kuhusu kupimwa hata kama hana tatizo, na yule ambaye baba yake au ndugu yake wa damu aliwahi kupata saratani hiyo, aanze mapema zaidi, kwenye miaka 45.

Hapa tuseme neno juu ya dawa zinazouzwa kwa jina la nguvu za kiume. Wazee wengi huzinunua kwa siri wakidhani tatizo lao ni hilo, kwa kuwa viungo vyenyewe ni vya mahali pamoja. Hatuikatai tiba ya asili, wala hatuwezi kuikataa habasoda. Tunachokataa ni miaka miwili kupita mtu akinywa unga asioujua huku kibofu kikijaa na mkojo ukirudi kuzielemea figo. Figo huharibika kimyakimya. Na zipo dawa za dukani ambazo kwa mtu mwingine hazina neno, lakini kwa mzee mwenye tezi iliyokua zinaweza kumziba kabisa, zikiwemo baadhi ya dawa za mafua na za kufungua pua. Mzee akikaa saa kadhaa hawezi kutoa hata tone, na tumbo la chini limejaa na linauma, hiyo ni dharura ya usiku uleule. Hangojewi mpaka kupambazuke, wala hapewi maji mengi ili yamsukume.

Turudi kwenye haya, maana ndiyo kiini cha maneno yetu. Haya ni sehemu ya imani, na hatutaki mzee yeyote aivue. Lakini tuwatazame waliokuwa na haya kutushinda. Ali bin Abi Talib (radhi za Allah ziwe juu yake) alikuwa mtu wa kutokwa na madhii kwa wingi, akaona haya kumuuliza Mtume (rehema na amani zimshukie) kwa kuwa alikuwa amemwoa binti yake. Hakunyamaza akabaki na shaka yake. Alimtuma Miqdad akamuulizie, na jibu likaja: aoshe sehemu hiyo na atawadhe. Imran bin Huswayn alikuwa na bawasiri, maradhi ambayo hata leo watu huyataja kwa kunong'ona. Alimwendea Mtume mwenyewe akauliza ataswali vipi, na kutokana na swali lake hilo umma mzima umepata hukumu ya mgonjwa kuswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Lau Imran angeona haya, sijui ni wagonjwa wangapi wangebaki wakijiuliza.

Katika kisa cha Ali kuna funzo kwa watu wa nyumbani: anayeona haya hutafutiwa mjumbe. Baba hataanza yeye. Binti hataweza kuanza, na mara nyingi si vizuri aanze. Mke anaweza, wakiwa wawili, na aanze na jambo analoliona: "Naona usiku hulali, tumwone daktari kuhusu mkojo." Asiseme uzee. Asiseme mbele ya watu. Mtoto wa kiume mkubwa naye anaweza, hasa akiwa njiani na baba yake, wawili wakitazama mbele bila kutazamana, kwani maneno mazito hutoka kwa urahisi zaidi hapo kuliko sebuleni. Ikishindikana, mjomba, au rafiki yake wa barazani ambaye mwenyewe amepitia. Wazee wa kahawa wanajuana. Mmoja akisema "hata mimi walinipima", kazi imekwisha.

Kinachoogopwa zaidi hospitali ni kipimo cha kidole. Daktari huvaa glavu, hupaka mafuta maalumu, na kupitia njia ya haja kubwa huipapasa tezi ajue ukubwa wake, kama ni laini, au kama ina sehemu ngumu. Hakifiki dakika moja. Huambatana na kipimo cha damu kiitwacho PSA, kipimo cha mkojo, na mara nyingi picha ya ultrasaundi inayoonyesha mkojo uliobaki kibofuni baada ya mtu kumaliza haja yake. Wanazuoni hawana shaka kwamba tupu hufunuliwa kwa haja ya matibabu, kwa kadiri ya haja hiyo tu. Mgonjwa ana haki ya kuomba mtabibu mwanamume, na pazia, na kuelezwa kitakachofanywa kabla hakijafanywa. Akiwa hapatikani mwanamume, muuguzi wa kike asikataliwe. Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema lake katika msikiti wa Mtume pale Madina, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alipelekwa kuuguzwa humo. Wanawake wa Kianswari walitoka na Mtume vitani wakiwanywesha maji na kuwatibu majeruhi. Waliouguzwa walikuwa wanaume, na mikono iliyowauguza ilikuwa ya wanawake wenye haya zao.

Wengi watarudi na dawa. Zipo zinazolegeza misuli ya njia ya mkojo, ambazo huleta nafuu kwa siku chache lakini huweza kumtia mzee kizunguzungu anapoinuka ghafla. Basi akae kwanza ukingoni mwa kitanda, na mwenye kuamka naye usiku ajue hilo, na taa ya ukumbini iachwe ikiwaka. Zipo pia zinazoipunguza tezi yenyewe, hizo huchukua hata miezi sita kuonyesha kazi yake, na watu wengi huziacha mwezi wa pili wakisema hazifai.

Wengine watarudi na mpira wa mkojo. Hapa ndipo familia nyingi hushtuka, kwa sababu hospitali zina watu wengi na maelezo hutolewa kwa haraka mlangoni. Mpira huo umeshikiliwa ndani ya kibofu na kipira kidogo kilichojazwa maji. Haukuzuiwa na plasta. Asijaribu mtu kuuvuta utoke, maana kipira kile kitapasua njia. Mfuko wake ukae daima chini ya usawa wa kibofu, awe mzee amelala, amekaa au anatembea, ili mkojo usirudi ndani, lakini usilazwe sakafuni. Humwagwa unapokaribia theluthi mbili, kabla haujawa mzito ukavuta. Mwenye kuumwaga anawe mikono kwa sabuni kabla, na anawe tena baada. Kila siku sehemu mpira unapoingilia huoshwa kwa maji na sabuni ya kawaida, kuanzia mwilini kuelekea nje, kamwe si kinyume. Mpira ufungwe kwenye paja usiyumbe, na usikunjike chini ya mgonjwa anapogeuka.

Mzee atataka kupunguza maji ya kunywa ili mfuko usijae upesi. Ni kosa linalofanywa karibu na kila mgonjwa. Mkojo mzito huleta uchafu unaoziba mpira, na huwapa nguvu vijidudu. Kama hana maradhi ya moyo au ya figo yaliyomfanya daktari ampunguzie, anywe kiasi cha lita mbili kwa siku, nyingi katika hizo mchana. Na mrudisheni hospitali bila kungoja tarehe yake ikiwa mfuko umekaa saa kadhaa haupati kitu na tumbo linajaa, ikiwa ana homa na kutetemeka, ikiwa damu inatoka kwa wingi au kwa mabonge, au ikiwa ameanza kusema maneno yasiyofahamika. Kwa mzee, kuchanganyikiwa huko ghafla mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, na tumeona kukiharakishwa kuitwa mashetani.

Nani amuuguze? Mke ndiye wa kwanza, kwa kuwa baina yao hakuna kizuizi. Lakini mke wa mzee naye mara nyingi ni mzee, ana magoti yake na presha yake, na si haki kumwachia peke yake kwa kuwa tu sheria imemruhusu. Baada yake ni watoto wa kiume na wajukuu wa kiume wakubwa, nao ndio tunaowasema hapa, maana katika nyumba nyingi wao huleta pesa ya dawa na kuona wamemaliza, huku dada yao akiachiwa jambo linalomtesa yeye na kumtesa baba. Binti akilazimika kwa kukosekana mwingine, afanye, na hapana dhambi. Namna ya kufanya tunaijua sote tayari. Waliowahi kuosha maiti wanajua kwamba tupu ya maiti hubaki imefunikwa muda wote, kwamba mwoshaji huzungushia mkono wake kitambaa, na kwamba huosha chini ya kifuniko bila kutazama. Adabu hiyo tunampa mtu akishakufa. Mzee aliye hai, anayeona na kusikia, apewe hiyohiyo: kanga au shuka juu, glavu mkononi, macho pembeni, mazungumzo ya kawaida yakiendelea, na mlango umefungwa.

Sasa tuingie katika swala. Lazima tutenganishe watu wawili ambao mara nyingi huchanganywa. Wa kwanza ni yule anayedondokwa na matone baada ya haja, kisha yakakoma. Huyu hana ruhusa maalumu, ana subira. Aende msalani mapema kabla ya adhana, asiondoke kwa haraka, apitishe vidole nyuma ya korodani akisukuma kuelekea mbele, kama istibrai tuliyofundishwa madrasa, na ndivyo wauguzi wanavyofundisha hata leo. Yakishakoma, ajisafishe na atawadhe. Akiendelea kuhisi na haoni kitu, huo ni wasiwasi, na asiufuate kwa kopo la nne.

Wa pili ni yule ambaye mkojo haukomi muda wa kutosha kutawadha na kuswali, na pamoja naye mwenye mpira. Hukumu yake wanazuoni wameijenga juu ya ile aliyopewa Fatima binti Abi Hubaysh, mwanamke aliyetokwa na damu ya ugonjwa isiyokatika. Hakuambiwa aache swala. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, mwenye udhuru huu hungoja wakati uingie, hujisafisha, hujifunga kitu cha kuzuia, au kwa mwenye mpira humwaga mfuko wake, kisha hutawadha na kuswali bila kuchelewa, isipokuwa kucheleweshwa na jambo la swala yenyewe kama kungoja jamaa. Kinachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Udhu huo humtosha kwa faradhi moja na sunna atakazo, na faradhi inayofuata hutawadhia upya. Akiogopa kuuchafua msikiti, aswali nyumbani. Lakini mfuko uliofungwa vizuri mguuni chini ya kanzu hauchafui kitu, na mwenye nao akienda jamaa hajamkosea mtu.

Na kwa wale waliokuwa wakiswalisha: katika kauli iliyo sahihi zaidi kwa wanazuoni wa Kishafi, mzima kuswali nyuma ya mwenye udhuru huu inajuzu. Maimamu wa misikiti yetu tunawaomba waliseme hili wazi, hata mara moja kwa mwaka, baada ya swala ya Isha wanapobaki wanaume. Wapo wanaolisubiri kusikia na hawataliuliza.

La chumbani tutalitaja kwa ufupi. Aliyefanyiwa upasuaji wa kukwanguliwa tezi kupitia njia ya mkojo anaweza kukuta manii hayatoki tena, kwani hurudi kibofuni na kutoka baadaye na mkojo. Hayamdhuru, ingawa huathiri uwezekano wa kupata mtoto. Josho la janaba linabaki wajibu kwa kuingiliana kwenyewe, yatoke yasitoke. Na zipo dawa za tezi zinazopunguza hamu. Mke asipoelezwa hili na mapema, hudhani ana mwenzake mahali, na nyumba nyingi zimegombana kwa dhana hiyo.

Lililobaki ni funga. Mafaqihi wa Kishafi wa zamani walihesabu kinachoingizwa katika tundu ya mkojo kuwa kinafunguza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba mpira wa mkojo na dawa ya kuoshea kibofu havifunguzi, na masheikh wengi wa leo hufutu hivyo. Kila mmoja amuulize sheikh anayemwamini. Ama mzee aliyeambiwa na daktari mwaminifu kwamba figo zake haziwezi kukaa mchana kutwa bila maji, huyo ni mgonjwa, anakula na atalipa siku zake akipona. Akiwa ni wa maradhi yasiyotarajiwa kupona, hutolewa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Chakula hicho kipimwe mbele yake, kwa mkono wake kama anaweza, ajue kwamba kimetoka na ni chake.